Farasi 280 za Kwenye Karatasi

Wasee, mtu akileta Subaru STI mtaani swali la kwanza ni lile lile: "Iko na farasi ngapi?" Jamaa anajibu 280 na kila mtu anatingisha kichwa, kesi imeisha. Mimi siiamini hiyo namba. Si ati jamaa anadanganya. Karatasi ilidanganya kabla hata gari lipakiwe kwenye meli.

Iko hivi. Mwaka wa 1988 zaidi ya watu 10,000 walikufa barabarani Japani. Serikali ikawabana watengenezaji, nao wakaelewana kiungwana: hakuna gari la kuuzwa kule kwao litatangazwa zaidi ya 280. Haikuwa sheria, ni makubaliano tu.

Sasa angalia Nissan Skyline GT-R. Ya 1989, 280. Ya 1995, 280. Ya 1999, bado 280. Lakini nguvu ya kuzungusha, ile inayokubandika kwenye kiti, iliandikwa 353 Nm, ikaja 368, ikaja 392. Yaani injini inazidi kushiba na farasi hawaongezeki hata mmoja? Zii, mazee. Waliozipima wenyewe walikuta zaidi ya 280. Impreza STI na Lancer Evolution nazo ziliandikwa hivyo hivyo, hadi 2004 Honda ilipotoa Legend ya 300 na mchezo ukaisha.

Kupima si uchawi. Injini inafungwa kwenye dayno, inakazwa kama kupigwa breki ikizunguka, unasoma nguvu ya kuzungusha na kuizidisha kwa mizunguko ya kila dakika. Ujanja uko kwa kile umeifungia injini kabla ya kuanza. Wamarekani zamani walipima injini ikiwa tupu, bila mizigo kama feni, na bila ekzosi ya gari lenyewe. Cadillac Eldorado ya lita 8.2 ilitangazwa 365 mwaka wa 1971. Mwaka uliofuata wakaanza kupima ikiwa imevaa kila kitu, ikawa 235. Injini ni karibu ile ile! Tangu 2005 chama cha wahandisi wa magari huko, SAE, kina mpango wa kupima mbele ya shahidi wa nje, ingawa kampuni hailazimishwi kuingia.

Mtu ataniambia Wajapani angalau walikuwa na nia njema, walishusha namba badala ya kuipandisha. Nia njema gani? Namba ilishuka kwa broshua tu, mguu ukikanyaga mafuta farasi wote wako. Sasa kijana wa miaka 22 ananunua STI ya mkono wa tatu, anachagua tairi na breki akihesabu 280, na hajui mwenye gari wa kwanza aliongeza nini kwa turbo. Thika Road saa tisa usiku haisomi broshua.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji mpeleke gari kwa fundi mwenye dayno. Akikataa, hapo pia umejibiwa. Na ikisoma 230 usianze kulia, hiyo imepimwa kwenye magurudumu. Giaboksi na difu zimeshakula zao.