Kutoka Daftari la Hesabu hadi Meza ya Ushauri



Wengi wenu mnaosomea biashara hapa Kindu mmeniuliza kama mtu aliyezoea kazi ya fedha aweza kuiacha na kuwa mshauri wa mikakati, yaani mtu anayewasaidia wengine kuamua biashara yao ielekee wapi. Yawezekana, nami nimepita njia hiyo. Inafaa lakini mjue kile mtakachokiacha nyuma.

Kwa miaka minane nilikuwa mhasibu katika ushirika wa akiba na mikopo. Mhasibu huandika yaliyokwisha kutendeka: fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Kazi hiyo ina mlinzi wake. Mwaka 1494, huko Venice, mtawa Mfransisko Luca Pacioli alichapisha maelezo ya namna ya kuandika kila tendo la fedha katika pande mbili, na pande hizo sharti zilingane. Zisipolingana, unajua kuna kasoro, hata kama hakuna aliyekuambia.

Mshauri hana mlinzi wa namna hiyo. Kundi la akina mama wauzao mchele na mawese walinijia na swali: je, wanunue mashua ya mbao yenye mota ili wapeleke bidhaa zao Ubundu, au waendelee kungoja gari la moshi liendalo Kongolo na Kabalo? Madaftari yao yalikuwa safi, yakionyesha faida ya kila safari. Hata hivyo, swali lilihusu siku ambazo hazijaandikwa. Fedha zao hulala ghalani majuma mangapi zikingoja behewa? Ubundu mto hauendeleki tena kwa sababu ya maporomoko. Nani atachukua mzigo kutoka pale hadi Kisangani, na kwa bei gani? Mota ikiharibika katikati ya Lualaba, nani atatengeneza? Tena, mtaji wao haukutosha kwa mambo mawili: wakichagua mashua, wataacha nini?

Tulipokwisha kuyapima hayo, niliwashauri wakodi kwanza nafasi katika mashua za wengine kwa msimu mmoja, ndipo waamue. Baadhi yao hawakupendezwa, kwa maana walikuja wakitumaini kusikia neno «nunueni». Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii. Anayekulipa mara nyingi ana jibu analolitamani, na kumpa jibu hilo hakukugharimu kitu. Mashua ikizama, mshauri amekwisha kupokea ujira wake. Hasara ni ya mama aliyeweka akiba yake.

Msidhani kwa hiyo kwamba uhasibu na ushauri ni mambo yasiyojuana. James McKinsey, aliyeanzisha kampuni ya ushauri yenye jina lake huko Chicago mwaka 1926, alikuwa mwalimu wa uhasibu wa chuo kikuu, naye alikuwa ameandika kitabu juu ya bajeti. Bajeti ni hesabu iliyogeuza uso wake kutazama mbele. Anayejua kusoma daftari ana mwanzo mzuri. Hatadanganywa kwa urahisi na ndoto ya mtu, wala na ndoto yake mwenyewe.

Nyumbani mabadiliko hayakuwa mepesi. Mshahara wa kila mwezi ulikoma, na ilipita miezi bila mteja hata mmoja. Baba mdogo aliniuliza: «Mwanangu, sasa unauza nini?» Nilimjibu kwamba nauza maswali. Alicheka, kisha akaniuliza kama maswali hununua unga. Lilikuwa swali la haki. Yeyote kati yenu anayetaka kuondoka katika ajira aweke kwanza akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumba, maana mwenye njaa hushindwa kumwambia mteja «hapana».

Jambo la pili ni kujitengenezea mlinzi. Mimi nina daftari. Upande wa kushoto naandika ushauri niliotoa, tarehe na sababu zake. Upande wa kulia, baada ya mwaka, naandika yaliyotokea. Pande hizo hazilingani daima. Lakini kila mteja mpya ana ruhusa ya kulisoma kabla hajanilipa hata franka moja.