Alisema Alikuwa Anamwachia Ashinde, Faili Lake Mwenyewe Likamuumbua!

Majina sitaji, na msije inbox kuniuliza ni nani. Wahusika wote wawili wapo mitandaoni, mmoja ana wafuasi wa kutosha, na humu wanapita kusoma. Tuwaite Dada na Jamaa, inatosha.

Tulikuwa wanafunzi Istanbul. Ukiishi kule huwezi kuikwepa tavla, mchezo ambao Waingereza wanauita bakigamoni. Vijiwe vya chai vimejaa ubao wake: kete 15 kwa kila mchezaji, vituo 24, dadu mbili na kelele za wazee. Sisi tukawa tunacheza hadi kwenye kompyuta, na huko mechi nzima inabaki kwenye faili. Baadaye unaliingiza kwenye programu ya uchambuzi, nayo inakuonyesha wapi ulicheza kama bingwa na wapi ulicheza kama una usingizi.

Dada na Jamaa walikuwa wapenzi. Wakimaliza mechi, Dada anaihifadhi kwenye GNU Backgammon, programu ya bure, kisha wanaandikiana maoni pembeni ya kila hatua. Mapenzi ya watu wa kompyuta hayo, tuwaache.

Wakaachana. Wiki hizohizo Dada akapata nafasi ya kufundisha wanaoanza kwenye klabu moja, kila Jumamosi, kwa malipo. Wanaosoma nje wanajua, hela ya namna hiyo ndiyo kodi ya chumba. Ghafla Jamaa akatupia kwenye grupu faili la mechi yao ya pointi 7 ambayo Dada alishinda, na maneno juu yake: "Huyu nilikuwa namwachia tu. Hajui kitu." Watu wakaanza kucheka. Na mwenye klabu yumo humohumo kwenye grupu!

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mafaili wa kundi letu. Dada akanipigia usiku ule ule: "Ndugu yangu, hebu nitazamie hilo faili."

Hapa ngoja niwaeleze kidogo. Kila programu ina lugha yake. GNU Backgammon inahifadhi kwa .sgf. eXtreme Gammon, ile ya kulipia, inahifadhi kwa .xg. Mkitaka kupeana mechi wakati mnatumia programu tofauti, mnaibadilisha kwanza iwe .mat, mtindo ulioanza na Jellyfish, programu ya Norway ya miaka ya 1990. Jellyfish yenyewe imeshazeeka, lakini faili lake linasomwa mpaka leo. Ni maandishi matupu, hata kwa Notepad linafunguka. Ukiona 31: 8/5 6/5, maana yake dadu zimetoka tatu na moja, kete moja imetoka kituo cha 8 kwenda cha 5, nyingine imetoka cha 6 kwenda cha 5. Utaona pia nani aliongeza dau, nani alikubali, nani aliufyata. Basi. Uchambuzi haumo, na maoni hayamo.

Alichotupia Jamaa kilikuwa .mat. Maneno yote yalikuwa yamebaki nyuma. Ila Dada alikuwa na .sgf ya mechi ileile, maoni yote ndani. Nikalifungua. Mchezo wa tatu, Jamaa kwa mkono wake anamwomba Dada amfundishe kwa nini alilikataa lile dau. Nikamwambia, "Tupia hili sasa hivi, tumalize kazi."

Akagoma. Yale maoni yalikuwa na mengine, ya wao wawili, na sehemu moja Jamaa alikuwa anaeleza ugonjwa wa mama yake. "Ya mama wa mtu siyatoi kwenye grupu," alisema. "Tutumie faili lake yeye."

Na kweli lilitosha. Programu haijali nani kashinda. Inapima kila hatua peke yake: kwa dadu hizi, ubao ukiwa hivi, ipi ilikuwa bora, na umepoteza kiasi gani kwa kuchagua nyingine. Jamaa angeweza kuharibu hatua zake kwa makusudi, lakini za Dada alizicheza Dada mwenyewe. Na zilikuwa safi.

Halafu kuna hili ambalo hata programu halihitaji. Kwenye faili lake, Jamaa ameongeza dau mara tatu, na kila mara ni yeye anayeongoza. Jamani, unamwachia mtu ashinde huku unapandisha dau ukiwa juu yake?

Dada akaandika mstari mmoja tu: "Faili ni lake, lichambueni wenyewe." Mimi nikalipitisha GNU Backgammon, mwingine akalipitisha eXtreme Gammon. Namba hazikulingana, maana kila programu inahesabu makosa kivyake, lakini habari ilikuwa moja: Dada alicheza vizuri kuliko yeye. Grupu likapoa. Mwenye klabu akaandika, "Jumamosi saa nne, usichelewe." Jamaa akaleft.

Kwa hiyo ukibadilisha faili lolote, lile la mwanzo usilifute. Kinachohamia ni kile mlichofanya, mlichoambiana kinabaki kule. Siku mtu akija na nusu ya habari, wewe uwe nayo yote, hata kama utaamua kutoitoa.

Dada hakuitoa mpaka leo. Lile .sgf liko kwenye flashi yake, na Jamaa hajui kwamba usiku ule alisitiriwa na mtu aliyetoka kumdhalilisha.

Haya wadau, ungekuwa wewe, ungeyamwaga yale maoni au ungekausha? Tiririka hapo chini.