Hisabati na Swali la Bibi

Hudaiwa kwamba hisabati ya juu haisemeki kwa Kiswahili. Huko Mjambere, Kisauni, bibi mmoja alimuuliza mjukuu wake wa chuo kikuu anasomea nini. Kijana akaeleza: iko fankisheni ya modula iitwayo j. Ikipewa namba changamano, aghalabu hutoa desimali zisizokoma. Ikipewa i, kipeuo cha pili cha -1, hutoa 1728, yaani 12 mara 12 mara 12. Ziko namba teule nyingine kama hiyo.

“Zimeteuliwa na nani, mjukuu wangu?”

“Na milinganyo ya kipeo cha pili, bibi.”

Mwaka 1880, Leopold Kronecker aliliita fumbo la namba hizo ndoto pendwa ya ujana wake. Bibi asiyejua Kiingereza alilifikia kwa Kiswahili.