Simu, sasisho na sauti iliyopotea Kalundu

Leo siwaletei habari ya mkutano wala ya barabara iliyokatika. Nawaletea habari ya simu yangu. Wengine mtacheka, lakini someni hadi mwisho, maana jambo lililonipata mimi linaweza kumpata kila mmoja wenu, awe mwandishi wa habari, mama muuza samaki au mwanafunzi.

Mwaka 2024, maji ya ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia ndani ya nyumba za watu hapa Uvira, niliteremka Kalundu kukusanya sauti za wakaaji. Kazi yangu yote naifanya kwa simu moja. Ndiyo kinasa sauti, ndiyo kamera, ndiyo meza ya kukatia sauti, na ndiyo posta ya kutumia habari kwenye redio. Kompyuta sina. Simu hiyo niliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, kama wengi wetu hapa, na ilikuwa na mwaka wa tatu mkononi mwangu.

Kwa muda wa wiki tatu simu hiyo ilikuwa inaniomba kile tunachokiita hapa « mise à jour », yaani sasisho. Kila asubuhi inaomba, kila asubuhi naikatalia, kwa sababu mega ni za kununua na mshahara wa mwandishi mnaujua. Siku moja kabla ya kwenda Kalundu nililala kwa rafiki mwenye intaneti nzuri. Nikasema basi, hapa ni bure. Nikabonyeza, nikalala.

Asubuhi yake nikamkuta mama mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yake, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Nikamsalimu, nikamwomba ruhusa, akanikubalia. Alizungumza karibu dakika kumi na mbili bila kulia. Alieleza namna alivyoamka usiku na kusikia sufuria zikigongana, akidhani ni mwizi, kumbe ni ziwa limeingia jikoni. Alieleza kitu cha kwanza alichokiokoa: si godoro, si unga, bali daftari la shule la kijana wake aliyefariki. Wakati anazungumza nilipiga picha mbili za nyumba kwa simu ileile, kama nilivyozoea kufanya siku zote.

Nilipofika barabarani nikafungua ile sauti ili niisikilize. Ilikuwa na sekunde arobaini. Yaliyobaki yote hayakuwemo.

Jioni ile nilisoma maneno ya yule mama kwa sauti yangu mwenyewe. Habari ilipita. Lakini anayefanya redio anajua kwamba mimi kusema « mama huyu ameeleza kuwa alidhani ni mwizi » si sawa na mama mwenyewe kusema. Wasikilizaji walipata habari, hawakumpata mtu.

Kwenye barza, wenzangu walitoa hukumu papo hapo. Mmoja akasema: « Hizo mise à jour wanazituma makusudi, simu ichoke, ununue nyingine. » Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa na hasira. Tangu asubuhi simu ilikuwa nzito kama mtu aliyeamka na malaria. Ukigusa, inafikiri kwanza.

Wenzangu hawakuwa wanabuni. Mwezi wa Desemba 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilikubali mbele ya dunia nzima kwamba sasisho lake lilikuwa linapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka. Maelezo yao yalikuwa kwamba betri nzee haiwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafula, na kwamba bila kupunguza kasi simu ingejizima yenyewe. Kiufundi maelezo hayo yana ukweli. Lakini hawakuwa wamewaambia wenye simu waziwazi, na watu wengi walinunua simu mpya wakati betri mpya tu ingewatosha. Waliomba radhi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Mwaka 2018 Italia iliwatoza faini, pamoja na Samsung, kwa ajili ya masasisho yaliyolemea simu za zamani. Mwaka 2020 Ufaransa nayo iliitoza Apple faini ya yuro milioni 25.

Kwa hiyo shaka ya watu wa barza ina msingi. Swali langu lilikuwa: je, ndivyo ilivyokuwa kwa simu yangu?

Nikaenda kwa fundi mmoja kijana, ana meza yake ndogo karibu na soko. Nikamweleza kwa ukali kwamba sasisho limeniharibia simu. Akaniuliza: « Yaya, kabla ya sasisho, kufungua kinasa sauti kulichukua sekunde ngapi? » Nikanyamaza. Mimi ambaye kila siku nawauliza wakubwa « mna ushahidi gani? » nilikuwa sina hata kipimo kimoja. Nilikuwa na hasira na kumbukumbu tu.

Bahati nzuri mwenzangu mmoja wa redio ana simu ya aina ileile, naye alikuwa hajasasisha. Tukaziweka mbili juu ya meza ya fundi, tukapima kwa saa. Kufungua kinasa sauti: yake sekunde nne, yangu tisa. Nikafurahi, nikasema unaona? Fundi hakujibu. Akafungua sehemu ya akiba ya simu yangu akanionyesha. Ilikuwa imejaa kabisa. Video za vikundi vya WhatsApp, salamu za asubuhi zenye maua, mahubiri, vichekesho, sauti zangu za miaka miwili. Na sasisho lenyewe lilikuwa limekalia nafasi ndogo iliyokuwa imebaki.

Akanieleza hivi, nami nimehakikisha baadaye kwa kusoma. Akiba ya simu si kama daftari ambalo unaandika tu penye nafasi. Ili kuandika tena mahali palipokwisha kutumika, inabidi kwanza ifute sehemu nzima ya zamani, kisha iandike. Ikiwa imejaa, inahangaika kuhamisha vitu huku na huku kila unapogusa. Jambo la pili ni ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo ni kama meza. Simu yangu ina meza ndogo, na toleo jipya la Android linataka kukalia sehemu kubwa zaidi ya meza hiyo kuliko lile la zamani. Meza ikijaa, simu inaangusha programu iliyo nyuma bila kukuuliza. Nilipofungua kamera mbele ya yule mama, kinasa sauti ndicho kilichoangushwa. Hapo ndipo dakika kumi na moja zilipokwenda.

Tukafuta. Ilichukua karibu saa nzima, na fundi akanisaidia kuhamisha sauti zangu kwenye kadi ya kumbukumbu. Tukapima tena: sekunde tatu na nusu. Simu iliyosasishwa ilikuwa imeishinda ile ambayo haijasasishwa, kwa kidogo. Lakini kamera yangu ilibaki nyuma ya ile ya mwenzangu kwa sekunde moja hivi, hata baada ya kufuta. Na kuteremsha kurasa kwa kidole, yangu ilikuwa laini zaidi, haikukwamakwama.

Kwa hiyo jibu ni lipi, sasisho linaongeza kasi au linapunguza? Katika simu moja, siku moja, lilifanya yote mawili. Hii si habari nzuri kwa kichwa cha habari, lakini ndivyo tulivyopima.

Kuna jambo lingine ambalo fundi alinionyesha, nalo lilinishangaza kuliko yote. Aliingia kwenye mipangilio, akagusa mara saba juu ya namba ya muundo (« build number »), ikafunguka sehemu ya siri iliyotengenezwa kwa ajili ya waunda programu. Humo akapunguza kwa nusu muda wa michoro ile inayoonekana unapofungua na kufunga dirisha. Akanirudishia simu. Nikaona imekuwa kama mpya! Akacheka: « Sijaongeza kitu, yaya. Nguvu ni ileile. Nimepunguza tu muda wa mapambo. » Hapo nikaelewa kwamba kuna kasi ya mashine na kuna kasi ya macho yetu, na hazitembei pamoja siku zote. Mtengenezaji anaweza kukupa mapambo marefu ukadhani simu imezeeka, au mafupi ukamshukuru bure. Hata Google wanalijua hilo tangu zamani: toleo la Android 4.1 la mwaka 2012 lilikuwa na kazi maalum ya kulainisha mwendo wa skrini, wakaipa jina la siagi.

Na uzito ule wa asubuhi ya kwanza? Nao una sababu. Baada ya sasisho kubwa simu inapanga upya programu zake zote na kuorodhesha upya picha na mafaili, huku wewe unadhani imetulia. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku moja au mbili. Anayetoa hukumu asubuhi ya kwanza anamhukumu mtu aliye katikati ya kuhama nyumba.

Wengine watasema: basi dawa ni kutosasisha kabisa. Mwenzangu yule ndivyo alivyosema. Nilifikiri sana juu ya hilo, kwa sababu linatugusa sisi wa kazi hii. Ndani ya simu yangu kuna majina na namba za watu walioniamini, wakaniambia mambo ambayo hawawezi kuyasema sokoni. Masasisho mengi hayaleti mapambo, yanaziba matundu ambayo wezi wa habari wanapitia. Simu isiyozibwa ni nyumba yenye mlango wazi, na waliolala ndani si mimi peke yangu. Tena usipotaka leo, kesho utalazimishwa: mwezi wa Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android ya chini ya 5.0. Kwetu hapa, simu isiyo na WhatsApp ni redio isiyo na antena.

Lakini nisiwape makampuni cheti cha usafi. Yanaunda programu kwa mtu wa Paris au Seoul anayebadilisha simu mapema na mwenye intaneti isiyohesabiwa. Mtu wa Uvira anayenunua mega kwa franka, anayepokea simu ile baada ya wengine kuichoka, hayumo sana katika hesabu yao. Na simu nyingi za bei ya chini zinaachwa bila sasisho lolote baada ya muda mfupi. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba kobalti ya betri hizo inatoka kwa wingi Lualaba, na koltani inachimbwa hapa Kivu. Mali inatoka kwetu ikiwa mpya, inaturudia ikiwa imechakaa, na tunaambiwa tununue nyingine.

Tangu siku hiyo nina desturi nne. Ya kwanza, sisasishi kamwe usiku wa kuamkia kazi. Nangoja siku nisiyo na safari, nayo nayapa mambo siku mbili kabla ya kulalamika. Ya pili, kabla ya kubonyeza, nafuta hadi sehemu moja kati ya tano ya akiba iwe tupu, na sauti zote naziweka pengine. Ya tatu, ninaponasa sauti sigusi kamera. Mtu akizungumza, simu inamsikiliza yeye tu. Ya nne, napima na kuandika kwenye daftari: sekunde ngapi kabla, sekunde ngapi baada. Daftari halina hasira.

Wiki mbili baadaye nilirudi Kalundu. Yule mama alikuwa amehamia kwa binti yake, juu kidogo, kwenye ukavu. Nikamweleza ukweli kwamba sauti yake ilipotea, nikaomba anisamehe. Akaniuliza: « Mwanangu, ile mashini yako imepona? » Nikasema imepona. Akakubali kusema tena.

Alisema vizuri. Alitaja sufuria, mwizi, ziwa jikoni. Sauti ilitoka safi, dakika nane, na redio iliipitisha. Lakini habari ya daftari la kijana wake hakuitaja. Nilingoja, hakuitaja. Sikumuuliza. Kuna mambo mtu anayasema mara moja tu, miguu ikiwa ndani ya maji, na yeye mwenyewe hajui kama atayasema tena.

Simu yangu bado nafanya nayo kazi. Juzi imeniomba sasisho lingine. Nimeiambia ingoje Jumapili.

Ni mimi mwandishi wenu, Uvira, Kivu ya Kusini.