Ganda la Chungwa na Maji ya Rangi

Msomaji wangu, ukisha kumenya chungwa, ganda lake hulitupa wapi? Swali hili ni dogo, lakini lilinifunza jambo ambalo sikulipata katika chuo cha ualimu.

Mimi ni mwalimu katika shule moja iliyo magharibi mwa Nairobi. Siku moja wanafunzi wangu walitia vitambaa rangi ya batiki, na kazi ilipokwisha niliwaamuru wamwage mferejini maji yaliyosalia. Msichana mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, maji haya yanakwenda wapi?" Jibu nililijua, nikaona haya kulisema. Mfereji wetu huteremkia kijitoni, na kijito humwaga maji yake katika Mto Nairobi. Mto huo hutoka katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ukapita Chiromo na kando ya katikati ya jiji, kisha ukaungana na Mto Athi, ambao huingia Bahari ya Hindi kwa jina la Sabaki. Njiani wako watu wanyweshao mboga kwa maji hayo. Jina Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Nasi tulikuwa tukiyatia rangi.

Nilikuwa nimesoma kwamba maganda ya matunda huweza kunasa rangi. Tukaomba maganda kwa wauza maji ya machungwa wa mjini, tukayaosha, tukayaanika, tukayasaga. Unga huo mbichi ulitufedhehesha, kwani uliyatia maji umanjano wake wenyewe. Ndipo mimi, nimevaa glavu na miwani, nikauloweka katika ile soda kali ya watengeneza sabuni, nikiisha kuizimua. Kisha nikausuuza mara nyingi hata soda ikatoka. Soda huondoa umanjano, tena huibadili pektini iliyo ndani ya ganda, ikapata sehemu nyingi zaidi zenye chaji hasi.

Tulianza na methilini bluu ya maabara, rangi iliyotengenezwa kwanza na Mjerumani Heinrich Caro mwaka 1876. Chembe zake zina chaji chanya, kwa hiyo ganda huzivuta na kuzishika. Tukakoroga, tukangoja, tukachuja. Maji ya buluu yakawa karibu kuwa maangavu. Darasa zima likapiga makofi, nami nikajiona fundi.

Kisha tukaleta maji ya batiki yenyewe. Tukakoroga, tukangoja, tukachuja. Yakabaki mekundu vilevile. Makofi hayakusikika. Rangi ile ilikuwa na chaji hasi kama ganda lenyewe, na vyenye chaji moja hufukuzana. Ili kuinasa, ingalipasa ganda litiwe dawa nyingine ya kulipa chaji chanya, nasi hatukuwa nayo.

Yule msichana akauliza tena, "Na unga huu uliogeuka buluu, tuutupe wapi?" Sikuwa na jibu. Rangi haikufa, ilihama tu.

Tangu siku hiyo twapima rangi kabla ya kuitia majini, na maji yanayosalia twayatumia kwa kitambaa cha pili na cha tatu. Unga wa buluu umo ndani ya chupa iliyofungwa, juu ya rafu ya maabara, nami huutazama kila niingiapo. Ganda la chungwa lina kazi yake njema, msomaji wangu, wala usilidharau. Lakini kabla ya kuuliza maji yatasafishwaje, uliza kwanza ni nani ayachafuaye. Na usiogope ikiwa jibu ni wewe.