Kunyoosha shingo ya gitaa la nyuzi 12, robo mzunguko kwa robo mzunguko

Leo hakuna habari za programu wala seva. Leo ni mbao, chuma na nyuzi. Lakini vumilieni, maana kazi yenyewe haiko mbali na ile tunayoifanya kila siku mbele ya tarakilishi: kutafuta hitilafu pale ilipo, si pale inapoonekana.

Huku Iguhu, Kakamega, ngoma ndiyo inayojulikana zaidi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Lakini gitaa nalo lina mizizi huku kwetu magharibi. Mtindo wa omutibo, ule uliompa jina George Mukabi kabla hajafariki mwaka 1963, ni wa nyumbani: kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinaimba juu yake, na mwenzako anakwaruza na kugonga chupa ya Fanta. Baba yangu mdogo ni mtu wa mtindo huo. Siku hizi viungo vya vidole vinamsumbua na gitaa lake la nyuzi sita limekaa ukutani muda mrefu. Aliposikia naunda gitaa la umeme la nyuzi 12 aliniambia hivi: "Kijana, likiwa laini nitalipiga. Likiwa gumu, basi tena."

Sasa nyuzi 12 na ulaini si marafiki. Tupige hesabu. Seti nyepesi ya gitaa la umeme la nyuzi sita, ile inayoanza na uzi wa inchi 0.010, huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 47. Ongeza nyuzi sita nyingine (jozi mbili za juu zinafanana sauti, jozi nne za chini kila uzi una mwenzake wa oktava ya juu) na unakaribia kilo 100. Hiyo ni mifuko miwili ya simenti, inavuta kipande cha mbao usiku na mchana. Mbao lazima iiname mbele kama upinde.

Dawa ya kuinama huko ni ya zamani. Thaddeus McHugh, aliyekuwa akifanya kazi Gibson, alipata hataza mwaka 1923 ya fimbo ya chuma inayopita ndani ya shingo. Ukikaza nati yake, fimbo inairudisha shingo nyuma dhidi ya nyuzi. Rickenbacker, watengenezaji wa gitaa la nyuzi 12 alilopewa George Harrison mwaka 1964, wao waliweka fimbo mbili, moja upande wa besi na nyingine upande wa nyuzi nyembamba. Mimi nimewaiga. Shingo yangu ni mvule uliotoka kwenye kitanda cha zamani, na ndani yake mna vyuma viwili vya milimita 6 vyenye nati ya spana namba 10, ile ile ya pikipiki.

Je, shingo inapaswa kunyooka kabisa kama rula? Hapana. Uzi ukipigwa hutikisika zaidi katikati, kwa hiyo shingo inahitaji mwinamo mdogo ili uzi usigonge freti. Kwa gitaa la umeme watu wengi hulenga milimita 0.25 hivi, unene wa karatasi mbili na nusu za fotokopi. Hapo ndipo penye kazi yote.

Nilivyopima:

1. Linganisha nyuzi zote 12 kwanza. Shingo isiyo na mzigo haikuambii kitu. Programu ya simu inatosha.

2. Bana nyuzi kwenye freti ya kwanza kwa kapo, kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho. Uzi sasa umekuwa rula.

3. Pima mwanya kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Mimi niliazima fila geji kwa fundi wa bodaboda, vile vibati anavyopimia mwanya wa valvu. Rudia upande wa uzi mwembamba.

Upande wa besi nilipata milimita 0.6. Upande wa nyuzi nyembamba, 0.4.

Kishawishi hapa ni kushusha daraja. Nyuzi zitakaribia freti, ndiyo, lakini mwinamo unabaki palepale: katikati bado pagumu, na freti za juu karibu na mwili zinaanza kukwaruza. Ni sawa na kuongeza RAM kwenye programu inayovujisha kumbukumbu. Utaratibu ni mwinamo kwanza, daraja baadaye, ulinganifu wa oktava mwisho.

Nililegeza nyuzi, nikakaza nati ya besi robo mzunguko kuelekea saa. Nikalinganisha tena nyuzi 12, nikapima: 0.45. Robo nyingine: 0.35. Upande mwembamba nao robo moja: 0.3. Hapo niliacha. Nati ilikuwa imeanza kuwa ngumu, na mbao haitii kwa dakika tano. Hatari ni ya kweli: ukilazimisha, unakata thredi au unapasua shingo, na mvule wa kitanda kile umekwisha. Sina shingo ya pili.

Asubuhi, bila kugusa kitu, besi ilisoma 0.3 na upande mwembamba 0.25. Mbao ilikuwa imemaliza kujibu. Nimeandika kila kipimo kwenye daftari pamoja na tarehe, maana mvua za Aprili na Mei huku kwetu si mchezo. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na shingo husogea nao. Itabidi kupima tena kila msimu.

Bado nikaona freti za mwanzo ni nzito kwa mtu mwenye vidole vya baba mdogo. Nikashusha nyuzi zote toni nzima. Mvutano hufuata mraba wa masafa, kwa hiyo toni moja tu inapunguza karibu asilimia 20, kama kilo 20 hivi. Mzigo ukipungua, fimbo inashinda: besi ikashuka hadi 0.15 na nyuzi zikaanza kukwaruza. Nati zote mbili zikarudi nyuma kidogo, chini ya robo, na tukawa tena kwenye 0.25.

Mzee alilipiga Jumapili, kama dakika ishirini, akikunja uso kwenye kordi za kubana nyuzi zote. Kubonyeza kuliwezekana. Kilichomsumbua ni kidole cha shahada. Amezoea kukwanyua uzi mmoja, na hapa kinakutana na miwili, wakati mwingine kinashika mmoja tu na sauti inatoka nusu. Aliuliza kama naweza kuzisogeza jozi zikaribiane zaidi.

Inawezekana, lakini ni kuchonga upya kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi pale kichwani. Mfupa ninao. Gitaa kwa sasa liko kwake, amekataa kunirudishia hadi Jumamosi.