Barua kutoka Brussels: Mzee na Domo la Bata

Wasomaji watukufu wa Bariadi, nanyi wa Maswa, Itilima, Meatu na Busega,

Jambo ninalotaka kuwasimulia leo kutoka huku ughaibuni si la baridi wala la kazi, bali ni la mzee mmoja mpuliza saksafoni, ile ala ya kupuliza ambayo wanamuziki wetu wa dansi wameibandika jina la domo la bata.

Katika mtaa wa Matonge, hapa Brussels, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa kwa wingi wa Wakongo waliouzoea, upo mkahawa ambao siku zote huuza pondu, ndiyo kisamvu chetu, pamoja na samaki wa chumvi, na usiku wa Jumamosi meza husogezwa kidogo ikapatikana nafasi ya kusimama wanamuziki wanne. Mzee huyo ni mzaliwa wa Lubumbashi na umri wake umepita miaka sabini. Huketi juu ya kiti kirefu, akakitia kinywani kile kijiti cha mwanzi ambacho ndicho kitoacho sauti, akakilowesha kwa subira ilhali wateja wanaendelea kula, kisha akakifunga mahali pake, akajaribu sauti moja ya chini, na papo hapo vijiko vikatua. Hapulizi kwa kishindo kama wapulizavyo vijana. Pumzi imempungukia, naye ameijua hesabu yake, kwa hiyo huacha kimya kipite baina ya sauti na sauti, na hadhira, wazungu kwa weusi, husubiri katika kimya kile kwa adabu kubwa mpaka atakapojaaliwa kurejea.

Nilimwendea wakati wa mapumziko kumpa mkono. "Keti, mwanangu," akaniambia, akafuta shaba kwa kitambaa, na nilipomwuliza mwalimu wake ni nani, akanijibu kuwa ni santuri za Manu Dibango.

Huyo Dibango, ndugu zangu, alizaliwa Douala nchini Kameruni mwaka 1933, na mwaka 1949, akiwa bado kijana mdogo, wazazi wake walimpakia melini kwenda Ufaransa kusoma, wakampa kilo tatu za kahawa ziwe malipo kwa mwenyeji atakayempokea. Na kahawa ile hakuisahau, hata kitabu cha maisha yake akakiita kwa jina la kilo hizo tatu. Nani katika sisi watu wa pamba asiyeielewa kahawa ile? Ni wangapi Simiyu waliosomeshwa kwa marobota, mzazi akingoja mizani ya chama cha ushirika kabla ya kujua kama mtoto atarudi shuleni? Dibango alipokwisha kujifunza saksafoni alihamia hapa Brussels, akawa akiongoza bendi katika klabu ya Les Anges Noirs, na humo ndimo alimokutana na Joseph Kabasele wa bendi ya African Jazz, aliyekuja mwaka 1960, wakati wajumbe wa Kongo walipokuwa wakijadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru wao. Kabasele akampenda, akarekodi naye, na mwaka 1961 akaenda naye Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mwaka 1972 Dibango alitoa wimbo wa Soul Makossa, ikavuma hadi Marekani. Lakini mimi naona fahari yake kubwa si wimbo ule, bali ni kuwa aliendelea kupanda jukwaani hata uzeeni, mpaka maradhi ya Korona yalipomwondoa tarehe 24 Machi 2020, akiwa na umri wa miaka 86.

Chombo chenyewe, kwa taarifa yenu, asili yake ni nchi hii hii: Adolphe Sax alizaliwa Dinant mwaka 1814, akakipatia hataza Paris mwaka 1846, na bendi za jeshi zikawa miongoni mwa za kwanza kukipokea. Kwetu nako tarumbeta zilitangulia katika bendi za askari na za misheni kabla ya kuingia katika dansi. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932. Western Jazz ikaasisiwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mwenyeji wa Nzega, jirani yetu. Na Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978, ilikuwa na Michael Enoch, aliyekuwa bingwa wa gitaa kabla ya kushika saksafoni.

Sisi Wasukuma hatukosi masikio. Wagika na Wagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wakishindana baada ya mavuno, mshindi hujulikana kwa umati, maana watu huhama kwa miguu yao wenyewe kumfuata aliyewazidi wenzake. Desturi hiyo naipenda, walakini ina upungufu mmoja ambao sikuujua mpaka nilipokaa mbele ya mzee yule wa Lubumbashi: aliyepungukiwa na pumzi hawezi kuuvuta umati, na hivyo wapulizaji wetu wakongwe wa dansi, wenye maarifa yaliyowagharimu umri mzima, huachwa majumbani, tusiwataje ila siku ya kuwazika, hapo redio zikapiga nyimbo zao mchana kutwa. Dhuluma hiyo inaniuma.

Basi nawaombeni, nyinyi mnaoandaa maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi, na nyinyi wenye hoteli na kumbi za harusi mjini Bariadi: tengeni usiku mmoja, mumwalike mpulizaji mmoja mzee kutoka Mwanza, Tabora au Dar es Salaam, mumpe kiti, chakula na ujira wake kamili, na vijana wa shule waketishwe karibu waone vidole vyake. Mkifanya hivyo, niandikieni.

Wasalaam,
Ndugu yenu aliyeko Brussels.